Anwani kwenye Ukurasa Mweupe

Wanawake wa nyumba ile walimwita Fundi, ingawa hakujua hata cherehani inavyotiwa uzi. Kazi yake ilikuwa tovuti. Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyeianzisha nyumba, mahali pa kuwaficha wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Walishona nguo, nguo zikauzwa mtandaoni. Mteja aliona gauni, akaagiza, mtu wa pikipiki akampelekea. Wapi limeshonwa, hakuna aliyejua. Ukutani hapakuwa na kibao, na langoni alikaa mlinzi, mzee mcheshi aliyemwambia kila mpita njia kwamba ndani ni stoo ya magodoro na yeye analindia usingizi wa watu.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa katika chumba kidogo kilichopakana na chumba cha kushonea, anasasisha programu inayoendesha tovuti. Alikuwa ameiahirisha kazi hiyo mno, maana tovuti inayokwenda vizuri ni kama mtoto aliyelala, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumgusa. Alibonyeza, akasubiri, akafungua ukurasa wa mbele. Mweupe pe. Hakuna gauni wala neno.

"Vipi huko?" aliuliza mshonaji mmoja kutoka mlangoni, pini zikiwa zimebanwa midomoni.

"Imekufa."

"Na sanda imeshavaa," mwenzake akadakia, na chumba kizima kikacheka.

Fundi naye alicheka kidogo. Alijaribu kuingia upande wa msimamizi, akagonga ukurasa mweupe uleule. Ndipo alipofungua faili la mipangilio kwenye seva na kubadilisha neno moja. Palipoandikwa makosa yafichwe, yeye akaandika yaonyeshwe. Kila fundi wa tovuti hufanya hivyo, lakini aliye makini hufanyia kwenye nakala, ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Yeye alifanyia tovuti yenyewe, iliyo wazi kwa watu wote. Mara moja tu, alijiambia, nione kisha nizime.

Ukurasa ulijaa maandishi. Aliyasoma mbiombio, akakipata alichokitafuta. Plagini ya usafirishaji, kile kipande cha programu kinachompangia mtu wa pikipiki safari zake, ilikuwa ya zamani na haikuelewana na programu mpya. Aliandika jina la plagini hiyo pembeni, akatafuta toleo jipya, akasoma maelezo yake taratibu. Aliporudi kwenye ule ukurasa, macho yakateremka chini zaidi. Plagini ilipoanguka ilikuwa imetapika kila ilichokuwa nacho mdomoni, pamoja na mahali pa kuchukulia mzigo: jina la mtaa, nyuma ya ghala la matairi, geti la buluu.

Alirudisha lile neno, ukurasa ukawa mweupe tena, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Akafungua kumbukumbu za seva kuona nani alipita wakati anwani iko nje. Wengi walifungua mara moja wakaondoka. Mmoja alifungua, akafungua tena, na tena. Fundi alimfuata nyuma kwenye kumbukumbu na kukuta kwamba mtu huyohuyo alikuwa akija kila asubuhi, miezi na miezi, kutazama ukurasa wa nguo za kudarizi. Hakuwahi kununua hata kitambaa.

Nguo za kudarizi zilikuwa kazi ya Kimya. Alipewa jina hilo kwa sababu aliletwa taya likiwa limefungwa waya, na hata waya ulipotolewa hakuwa na haraka ya kusema. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Yale majani aliyoyadarizi kwenye magauni ndiyo aliyokuwa akiyadarizi kwenye kola za mashati ya mumewe.

Fundi alimkuta Shangazi anakata kitambaa.

"Shangazi, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Anwani ya nyumba imetoka nje. Na nadhani mume wa Kimya ameiona."

Shangazi aliweka mkasi mezani. Hakugomba. "Muda mrefu?"

"Wa kutosha."

"Basi tunaondoka. Waite wenzako, watokee mlango wa nyuma. Nguo ziacheni."

Alipiga simu polisi, kisha akamwita dereva wao wa gari dogo. Wanawake waliacha kucheka, wakaanza kubeba watoto. Walikuwa wanapita jikoni kuelekea nyuma waliposikia mlinzi akisema langoni, kwa sauti yake ileile ya mzaha, "Magodoro yameisha, ndugu yangu." Kisha ukasikika mlio mmoja wa kitu kizito, na mzee hakusema tena.

Mchomeleaji aliingia na nyundo. Alikuwa mtu wa umbo la kawaida, shati limechomekwa vizuri, hana hata povu mdomoni. Alisukuma kila mlango kwa mguu na kuita jina la mkewe, jina ambalo nyumba ile haikulitumia. Fundi, aliyekuwa amerudi chumba cha kushonea kumfuata Kimya, aliusukuma mlango kutoka ndani, lakini komeo lilikuwa bovu, hivyo akaushika kwa mikono miwili na kuuegemea kwa bega.

"Fungua, dada. Sina ugomvi na wewe."

"Hayupo."

Nyundo ilipiga ubao mpaka ukapasuka. Pigo la pili lilipenya na kutua juu ya mkono wake wa kulia. Alisikia vidole vikivunjika kabla hajasikia maumivu, sauti ndogo ya vijiti vikavu. Alianguka, mlango ukafunguka, na mtu yule akampanda mgongoni kama anavyopanda ngazi.

Kimya hakuwa ametoka na wenzake. Alikuwa nyuma ya meza ya kupigia pasi, na pasi bado ilikuwa kwenye umeme.

"Twende nyumbani," mumewe alimwambia. Akanyoosha mkono wa kushoto kumshika nywele, na wa kulia akainua nyundo.

Kimya alimbandika pasi usoni. Hakumpiga nayo, aliibandika, akaisukuma kwa mikono miwili kama mtu anayenyoosha mkunjo mkaidi. Ngozi iliungua kwa mlio, na chumba kikajaa harufu ambayo Fundi, pale sakafuni, aliifungia pumzi. Mtu yule alipiga ukelele, akaachia nyundo, akarudi nyuma na kujikwaa kwenye cherehani. Alipoanguka, Kimya aliokota nyundo. Alimpiga goti. Alimpiga bega. Alimpiga ule mkono uliozoea kumshika nywele, akaupiga tena, na kila pigo alilipima kwanza.

Shangazi aliingia akamkumbatia kutoka nyuma. "Basi, mwanangu. Ukimmaliza, utakayefungwa ni wewe."

"Aache kwanza kupumua," Kimya alisema.

"Nipe hiyo nyundo."

"Niache, mama."

Ilimbidi Shangazi, na umri wake ule, aning'inie kwenye mkono wa Kimya kwa uzito wake wote mpaka nyundo ikadondoka. Polisi walipofika walimkuta mwanamume anagugumia chini ya meza, na mkewe amekaa ameegemea ukuta, anatazama viganja vyake.

Mume alipelekwa hospitali kwa pingu, kisha mahabusu. Kimya alihojiwa kutwa nzima akaachiwa, akaambiwa asiende mbali. Nyumba ile iliisha. Wanawake walitawanywa kwa jamaa wa Shangazi, wawili huku, watatu kule. Fundi aliitengeneza tovuti akiwa kwa mama yake, kwa mkono wa kushoto, vidole vya kulia vikiwa kwenye plasta. Alifanyia nakala kwanza, akaiondoa plagini ya zamani, akaweka toleo jipya, akahakikisha makosa yamefichwa, akakagua na kukagua. Magauni yalirudi kwenye ukurasa. Hakujisikia mshindi wa chochote.

Kisha akapiga moyo konde, akaenda kumwona mlinzi wodini. Kichwa cha mzee kilikuwa kimefungwa bandeji, na jicho moja daktari alikuwa ameshakata tamaa nalo. Kando ya kitanda alisimama mkewe, anakunja shuka.

"Wewe ndiye yule wa kompyuta?"

"Ndimi, mama. Nimekuja kuomba—"

Kofi lilimkata neno. Lilikuwa kofi la mtu aliyefua na kutwanga maisha yake yote, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka.

"Mwache," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ana mkono mmoja."

"Na wewe una jicho moja," mkewe akamjibu. "Nimwache nani?"

Alimtazama Fundi kwa muda, anahema, kiganja bado kiko juu. Fundi hakurudi nyuma wala hakuinua mkono kujikinga. Mwishowe yule mama akashusha kiganja, akachukua shuka safi kwenye kiti.

"Mnyanyue bega upande huo," alisema. "Taratibu. Usimguse kichwa."

Fundi akapitisha mkono wake mzima chini ya bega la mzee, akamnyanyua.