Redio Inanong'ona

Baba yangu ni dereva wa teksi, na kituoni kwao wanamwita Polepole. Halipendi jina hilo, lakini alilistahili: aliendesha gari kana kwamba amepakia mayai. Kwa hiyo abiria wake mmoja aliponiambia kwamba siku hizi mzee anapaa, nilidhani ananitania.

Wiki hiyohiyo Baba akaja gereji kwangu. Mimi ni fundi wa redio za magari.

"Mama, redio inanong'ona," akasema. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Nikisimama inanong'ona. Nikikimbia ndiyo inasema. Nifungie amplifaya."

Nilicheka. Redio ile ilikuja na gari kutoka kiwandani, na ina otomatiki: gari likiongeza mwendo inajipandisha sauti yenyewe ili upepo na matairi visiimeze, likipunguza inajishusha. Nikamweleza kwamba huo si ubovu. Akaitikia kwa kichwa, kisha akasema nimfungie amplifaya.

Basi nikaifunga nyuma, kwenye buti. Amplifaya ina kiskrubu ambacho kila mteja huniapia kuwa ni cha kuongezea sauti, na kila mteja hunichosha. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, zisizidiane nguvu. Na kabla hujakigusa unazima otomatiki, la sivyo utalinganisha gari likiwa limesimama, na likishika barabara kubwa sauti itapanda kupita kipimo chako, spika zikwaruze mpaka ziungue. Nikaizima. Nikazungusha kiskrubu kwa bisibisi hadi sauti ilipoanza kukwaruza, nikarudisha nyuma kidogo. Ilitoka safi, nikajisifu moyoni.

"Bado," akasema Baba, ameketi kwenye usukani.

Nikaja mbele, nikapandisha redio. Upande wa pili wa ua, fundi rangi akavua barakoa.

"Dada, mnatutoa roho huku."

"Ongeza kidogo, mama," akasema Baba.

Mimi mwenyewe masikio yalikuwa yananiuma. Nikashusha redio, nikamtazama.

"Halafu nimekuona umezima ile ya kupanda," akaendelea. "Irudishe. Ile ndiyo inanisaidia. Taarifa ya habari ikianza natafuta barabara iliyonyooka, nakanyaga mafuta, naipata yote. Si unajua kituoni wananisubiri mimi niwape habari?"

Alisema hivyo kwa fahari. Baba alikuwa anakimbiza gari ili asikie.

Niliwaza nikakosa pa kushika. Nikikaza kile kiskrubu, spika zitaungua, na kabla hazijaungua hatasikia honi ya mtu. Nikimrudishia otomatiki, atapaa. Nikimnyima, mafundi wako tele, watamrudishia wakipiga mluzi. Na tangu mama yangu atutoke, gari hilo ndilo linalomtoa Baba kitandani asubuhi. Ningemwomba funguo kwa mdomo gani?

Nikazima redio kabisa. Nikainama dirishani, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, redio haina kosa. Ni masikio. Nakuomba usiendeshe kwanza, mpaka twende hospitali."

"Unasema?"

Nikarudia, nikiongeza sauti kidogo tu. Karibu nasi, dereva mwenzake wa kituoni alikuwa amekalia tairi, anangoja gari lake, na yule hapitwi na neno. Ningepaza sauti ya kumfikia Baba, ingemfikia kwanza yeye, na hadi jioni kituo kizima kingejua. Hakuna abiria anayepanda teksi ya kiziwi. Ningemvua nguo mzazi wangu hadharani. Niliogopa, na nilijichukia kwa kuogopa.

Nikarudia mara nyingine, kwa sauti ileile ya chini, machozi yakinilenga.

Baba alinitazama midomo. Akaona binti yake ameinama dirishani, uso umejaa mapenzi, anasema jambo kwa upole, akajua ni jambo gani watoto huwaambia wazee wao wanaposhika safari.

"Amina, mama," akasema. "Na wewe ubarikiwe."

Akawasha redio, akabonyeza palepale aliponiona nikizima otomatiki, akawasha gari, akatoka kuitafuta barabara kubwa, maana taarifa ya habari ilikuwa karibu kuanza.