Mafuta ni Mafuta

Niseme mapema kabisa: koili niliitengeneza vizuri. Atakayekuja kuniambia Dominika hajui kazi, nitamtoa kibandani kwangu kwa ufagio. Mwaka wa kumi na moja huu natengeneza simu pale Mbuyuni, Moshi mjini, na wapo wanaume wazima wenye vyeti ukutani wanaoniletea mimi zile zilizowashinda. Koili ilikuwa safi. Kilichotuharibia ni kitu kingine, na hicho nacho nilikifanya mimi.

Kaka yangu Rogath anaongoza watalii mlimani. Sigara alianza akiwa kidato cha pili, na kila mwaka mama alikuwa anamlilia aache. Kwaresima hii akamkamata, akampeleka kwa paroko wetu huko Kibosho, Rogath akaahidi mbele yao wote wawili kwamba hataigusa tena. Mama alifurahi akapika mtori wa kulisha jumuiya nzima. Kumbe mwenzetu alikuwa na lake. Mtalii mmoja, baada ya kushuka, alimwachia sigara ya umeme, ile ya kuvuta mvuke wenye harufu ya embe. Rogath aliiita veipu. Haina majivu, hainuki kwenye nguo, mama angejuaje?

"Si nimeacha sigara?" aliniambia akicheka. "Hii si sigara, Domi. Huu ni mvuke tu, kama wa chai."

Mimi ni nani nimseme? Alikuwa amepungua kukohoa asubuhi, na mama alikuwa na amani.

Mwezi wa saba ile veipu ikafa. Zile ni za kutupa, ndivyo zilivyotengenezwa: mafuta yake yakiisha, kazi imeisha. Rogath akaniletea kibandani, akaiweka mezani.

"Fundi wa mafundi, nifufulie huyu. La sivyo narudi kwenye sigara, na wewe ndiye utakayemweleza mama."

Nikaipasua kwa wembe. Jamani! Ndani kuna betri nzima, ya kuchaji, nzuri kuliko za nusu ya simu nilizokuwa nazo mezani. Na hiyo inatupwa jalalani! Nilikasirika kama vile nimetukanwa mimi. Nikatafuta video kwenye simu nione wenzangu wanafanyaje, nikampata Mzungu mmoja mwenye kofia, anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba kutengeneza upya koili ya veipu ya kutupa hakuna maana, unapoteza muda wako bure, nunua nyingine. Nikamjibu kwa sauti, wateja wakanigeukia.

"Nunua wewe uliyezaliwa dukani!"

Koili yenyewe ni kijiwaya tu kilichojisokota kama springi ya peni, katikati kimepitishiwa pamba. Pamba inanyonya mafuta, waya unapata moto, mafuta yanageuka mvuke. Ya Rogath ilikuwa imeungua, pamba nyeusi tii. Nikaenda kwa jirani yangu Magreth mwenye saluni, nikamwomba draya yake mbovu, nikachomoa waya mwembamba wa ndani. Nikauzungusha kwenye sindano mara sita, nikaulehemu, nikaupitishia pamba ya duka la dawa. Mara ya kwanza ukakatika. Mara ya pili ukawa mwekundu upande mmoja tu. Mara ya tatu ukaiva wote sawasawa, nikapiga kofi mezani kwa furaha. Mchana mzima ulikuwa umekwisha na simu za watu zimelala, lakini nilijiona bingwa.

Yakabaki mafuta. Kwenye boksi lake kulikuwa kumeandikwa glisarini. Basi! Glisarini nani haijui huku kwetu? Baridi ya mwezi wa saba ikishuka Kibosho, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, kila nyumba ina chupa yake ya glisarini dirishani. Tumepakwa tangu tukiwa wachanga. Nilikuwa na yangu kibandani, ile yenye harufu ya waridi. Nikaifungua, nikainusa.

"Ndiyo yenyewe?" Rogath akauliza.

"Mafuta ni mafuta, mangi. Hayajamdhuru mtoto mchanga, yatakudhuru wewe jitu zima?"

Tukacheka sana. Nikajaza. Akavuta, akapuliza wingu la waridi, akasema sasa ananukia kama bibi harusi. Wiki tatu zilizofuata nilimjazia mara nne. Wiki ya pili alianza kukohoa, nikamwambia ni baridi, avae sweta.

Alhamisi moja wenzake walimshusha kutoka kambi ya pili kwa machela. Kila mtu alisema ni mlima umemkataa. Lakini mtu aliyekataliwa na mlima akishushwa chini anapata nafuu, hilo Rogath mwenyewe ndiye alikuwa anawafundisha wageni. Yeye alishushwa hadi mjini, akafikishwa hospitalini, na bado alikuwa anaitafuta pumzi kwa mabega. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau.

Mama alifika kutoka nyumbani na chupa ya mafuta ya kondoo kwenye kikapu. Akamchua kifua, na kabla nesi hajageuka akamnywesha vijiko viwili, kama alivyotufanyia sisi sote utotoni tulipobanwa na kifua. Rogath alipaliwa, akakohoa, mama akampigapiga mgongo akimwambia pole baba, pole.

Daktari alikuwa mwanamke wa Masama, Daktari Elinipendo, mtu wa sauti ya chini. Aliitikia shikamoo yangu, akamsalimia mama kwa Kichagga, kisha akauliza, "Mgonjwa anavuta sigara?"

"Aliacha," mama akajibu kwa fahari. "Mbele ya paroko."

Daktari akamgeukia Rogath. Rogath, na barakoa ya oksijeni usoni, akatikisa kichwa kukataa. Halafu akanitazama mimi. Nililielewa lile jicho. Kampuni inayompa kazi inataka cheti cha daktari kila msimu, na ikiandikwa kwamba kifua ni kibovu na tena anavuta, mlima hapewi. Ana watoto watatu na hajui kazi nyingine. Nikajiambia hakuna aliyesema uongo hapa, veipu si sigara.

Ijumaa wakampiga picha za kifua kwenye ile mashine kubwa. Daktari akatuita koridoni, mimi na mama.

"Kwenye mapafu yake kunaonekana mafuta," akasema.

"Mafuta?" mama akauliza.

"Mafuta. Amekunywa mafuta ya aina yoyote? Yakampalia?"

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. "Yesu na Maria," akasema. "Ni mimi. Nilimpa ya kondoo. Vijiko viwili. Akapaliwa, nikaona, nikaona kwa macho yangu."

"Mama, hukukusudia," daktari akamwambia. "Wengi wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini yakimpalia mgonjwa, yanateremka mapafuni."

Mimi nikahesabu siku. Mtu aliyeanza kukohoa wiki mbili zilizopita, vijiko viwili vya jana vinahusika vipi? Nilijua. Nikajikaza nikasema, "Daktari, hata mimi nilimpa mafuta. Ya glisarini."

"Ya kupaka?"

Nikabaki namtazama. Ya kupaka ndiyo, ndiyo kazi yake, ndivyo ilivyoandikwa kwenye chupa.

"Ya kupaka hayana shida," akasema, akafunga faili, akaondoka.

Alikuwa hatua tano tu kutoka nilipo. Ningemwita angegeuka. Kwanza nilijiambia nimeshasema, kama hakunielewa ni juu yake. Hivi ndivyo nilivyojiambia, mimi ninayewafokea wateja wakinidanganya kwamba simu haikuingia maji. Kisha nikamwona mama anaserereka ukutani hadi chini, nikamshika mikono, nikamwambia, "Mama, ni bahati mbaya. Usijilaumu." Aliibusu mikono yangu akalia humo. Nikamwacha alie.

Baada ya hapo mama alikataa kuingia wodini. Alikaa kwenye benchi la nje na rozari yake. Nikimwambia twende ukamwone mwanao, anasema, "Nimwone nimfanye nini tena? Mikono yangu imeshafanya ya kutosha." Chakula hakugusa. Nilimwona amezeeka kwa siku moja, na bado sikusema.

Jumamosi asubuhi Rogath alikuwa na hali mbaya zaidi. Walikuwa wamemwongezea oksijeni hadi mwisho wa kipimo, na macho yake yalikuwa yanageuka kila anapovuta pumzi. Daktari Elinipendo alisimama miguuni pa kitanda muda mrefu.

"Sielewi," akasema, kama anaongea peke yake. "Vijiko viwili visingefika huku kote. Dawa ninazompa ni kama za mtu mwingine. Kuna kitu sijaambiwa."

Hakunitazama hata. Ndiyo maana nikashindwa kujizuia. Angenituhumu ningepata cha kubisha, mimi kubisha najua. Nikafungua koti la Rogath lililokuwa kwenye kiti, nikatoa veipu. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa ile chupa ya glisarini ya kibandani. Rogath aliona. Akaanza kutikisa kichwa, akaushika mkono wa gauni langu kwa vidole visivyo na nguvu, machozi yanaingia ndani ya barakoa.

"Niachie, kaka," nikamwambia. "Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai."

Nikamgeukia daktari. "Yale mafuta hayakuwa ya kupaka. Yalikuwa ya kuvuta. Nilimjazia humu mimi mwenyewe, wiki tatu. Na koili nilimtengenezea mimi."

Daktari alichukua ile chupa akaisogeza dirishani. Chini kabisa ya ua la waridi kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Akayasoma kwa sauti: glisarini, mafuta ya madini, manukato, rangi. Mafuta ya madini. Miaka yote nimepaka hiyo chupa sikuwahi kuyasoma.

"Haya yakipata moto yanakwenda hadi mwisho wa mapafu na hayatoki," akasema. "Ungeniambia Alhamisi."

"Ndiyo, daktari."

"Hata jana."

"Ndiyo."

Hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Aliwaita manesi, akabadilisha dawa zote, akaagiza sindano ya kutuliza uvimbe wa mapafu, akapiga simu mbili. Walimzunguka Rogath, mimi nikasogezwa pembeni. Shughuli ilipotulia alinijia, veipu bado iko mkononi mwake.

"Atapona?" nikauliza.

"Sasa nadhani atapona. Jana nisingesema hivyo. Ila mlima asahau." Akachungulia ndani ya ile veipu, pale nilipokuwa nimelehemu. "Kazi safi. Lakini ilikuwa na haja gani?"

Nilitaka kumwambia ile betri ilikuwa nzima. Nilitaka kumwambia vitu vizima havitupwi, na kwamba kaka alikuwa ananibembeleza, na kwamba nilitaka kumwonyesha yule Mzungu wa kwenye video. Yote yalinijia mdomoni kwa pamoja na hakuna hata moja lililofaa kusemwa karibu na kile kitanda. Nikasema, "Sijui, daktari," nikatoka nje.

Mama alikuwa kwenye benchi lake. Nikapiga magoti mbele yake pale kwenye sakafu, watu wakipita.

"Mama, si mafuta yako."

Alinitazama bila kuelewa.

"Si mafuta ya kondoo. Rogath alikuwa anavuta sigara ya umeme. Mimi ndiye niliyemjazia mafuta mabaya. Ndiyo yaliyomwingia mapafuni. Nimemwambia daktari, wamembadilishia dawa, anasema atapona. Mama, hukumfanya chochote."

Alifunga macho. Midomo ikamtetemeka, nikafikiri anasali, na huenda alikuwa anasali. Rangi ilimrudia usoni kidogo kidogo, nikaona pumzi inashuka ndani yake ikifika chini, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa majani mgongoni. Nikafurahi. Nakiri, kwa muda ule mfupi nilifurahi, nikadhani limekwisha.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Nilianza kushuku Alhamisi."

"Jana, aliponiambia daktari kwamba ni mimi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ulinishika mikono."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nisijilaumu."

Mama akainuka. Alijishika kwenye benchi, akajifunga kitenge vizuri, akapangusa uso wake kwa viganja. Nikamshika kiwiko nimsaidie, akakitoa taratibu, bila hasira yoyote, kama anavyotoa mkono wa mtu asiyemfahamu. Akatembea kuelekea wodini. Nikamfuata nyuma.

Mlangoni mlinzi alituzuia kwa mkono, akatutazama mimi na yeye.

"Mnaingia wangapi, mama?"

"Mmoja," mama akasema, akaingia.