Kigugumizi cha Fundi Nyundo

Fundi Nyundo hakupewa jina hilo kwa kupigilia misumari. Fundi makochi gani asiyepigilia misumari? Alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na neno likimkwama kooni, mkono wake uliitafuta nyundo wenyewe ukagonga ubao wa karibu, ko, ko, ko, mpaka neno lilegee litoke. Wateja walimngoja kwa adabu. Mkewe hakumngoja.

Mkewe ndiye Mama Foronya, aliyeshona vitambaa vya makochi yote yaliyotoka karakana ile. Alikaa dirishani na cherehani yake ya miguu, pini mdomoni, na bila kuinua macho alimmalizia mumewe kila neno lililomshinda.

"Mteja wangu, kitambaa hiki ki... ki..." Ko, ko, ko.

"Kinachuja," Mama Foronya alidakia.

"Mwa... mwanamke huyu! Iko siku nitakufa hujaniachia hata neno moja nimalize mwenyewe."

Wakacheka, mteja naye akacheka, kitambaa kinachochuja kikarudishwa rafuni.

Siku aliyoanguka alikuwa amepiga magoti akikaza mikanda ya mpira chini ya kochi. Alimgeukia mkewe, akafungua mdomo, mkono ukapapasa sakafuni ukitafuta nyundo usiipate. Na kwa mara ya kwanza tangu waoane, Mama Foronya hakujua neno lenyewe lilikuwa lipi. Mpaka wanamfunika shuka hakulijua.

Kilichobaki ni video. Binti yao wa mwisho, Kitinda, alikuwa amemfungulia baba yake ukurasa mtandaoni, akawa anamrekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la gundi. Picha zilikuwa na giza, vumbi la mbao likielea, mara kuku kapita. Lakini ilikuwapo moja. Humo Fundi Nyundo alionyesha kochi la watu watatu, akasifu mbao, akaibonyeza sponji kwa ngumi, kisha akanyoosha kidole dirishani: "Na yule pale ni m... m..." Ko, ko, ko. Siku hiyo Mama Foronya alifanya makusudi. Alinyamaza. Alimkodolea macho, pini zinamtetemeka mdomoni kwa kicheko, akamwacha ahangaike. Yule bwana aligonga, akatoka jasho, akagonga tena, halafu akapasua kama mtu aliyefunga goli: "Mke wangu!"

Ndilo neno pekee alilowahi kumwachia alimalize.

Baada ya maziko hakuitazama. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, na zaidi ya hapo aliogopa. Aliiona kama chakula cha akiba: ukikigusa leo, kesho utakula nini? Ila mara kwa mara aliuliza.

"Kitinda, ile ya baba yako ipo?"

"Ipo, mama. Kitu cha mtandaoni hakipotei."

Moyo ukatulia.

Kazi ndiyo haikutulia. Watu siku hizi huchagua kochi wakiwa wamelala, kidole kikiteleza kwenye kioo. Pale kwenye mzunguko wa barabara palifunguliwa duka lenye taa nyingi, na msichana akicheza juu ya makochi kwenye video. Mama Foronya alitazama akasema, "Makochi hayo yana mbao laini, angalia yanavyobonyea." Alisema kweli, lakini ukweli wake uliishia mlangoni. Vijana wa kuranda mbao wakaondoka, leo huyu, kesho yule. Kitinda akabaki anarusha picha mtandaoni kama mtu anayetupa mawe kisimani asisikie hata chubwi.

Ndipo akamleta Mtaalamu. Alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma na kompyuta ya mapajani. Akakaa juu ya gunia la vipande vya sponji, akasema:

"Mama, watu hawanunui kochi, wananunua hadithi. Na hadithi mnayo. Mzee alipendwa. Tutamrudisha."

"Utamrudisha nani?"

"Sauti yake tu, mama. Mashine inasikiliza video za zamani, inajifunza, halafu inatamka chochote tutakachoandika."

Kinyozi wa jirani, mwenye upara unaong'aa kuliko kioo chake, alikuwa amesimama mlangoni. "Kama anarudisha vilivyoondoka," alisema, "mwambie aanze na nywele zangu."

Kitinda hakucheka. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mama, tukishindwa hapa tunafunga. Karakana ya baba tunaifunga."

Mama Foronya alikubali. Alikubali kwa ajili ya karakana, na kwa jambo jingine ambalo hakulisema: alitamani kumsikia.

Tangazo likaletwa mchana, jua limeingia dirishani. Kitinda akashika simu mbele ya mama yake kwa mikono miwili.

"Karibuni Makochi ya Fundi Nyundo! Kaa kifalme, lala kifalme, agiza leo ufikishiwe mlangoni!"

Ilikuwa sauti yake. Ule uzito wa kifuani ulikuwemo, na ule ukavu wa vumbi la mbao. Ila maneno yalitiririka kama maji juu ya jani la mgomba, hayakushika popote. Mama Foronya alikuwa amekwisha kuinua kidevu, tayari kudakia. Alitafuta pa kuingilia, hakupaona.

"Si amependeza, mama? Mbona unalia?"

"Amepona," alisema Mama Foronya. "Kumbe ilibidi afe ndipo apone."

Wateja wakaja, hilo siwezi kulificha. Wengine walisimama mlangoni wakiuliza, "Yule mzee wa kwenye tangazo yuko wapi?" na Kitinda akawajibu kwa sauti ya chini. Cherehani ikarudi kuzunguka. Lakini ile sauti sasa ilikuwa kila mahali: kwa muuza vocha, kwa kinyozi, mifukoni mwa wapita njia. Kaa kifalme, lala kifalme. Mama Foronya alipoona inaanza kumfuata hata kitandani, akasema sasa akiba iliwe.

"Kitinda, niwekee ile video. Ile ya dirishani."

Kitinda aliinamia simu. Akatelezesha kidole, akatelezesha tena.

"Mama, Mtaalamu alisema ukurasa uwe na sura moja. Zile za zamani zilikuwa na giza, zinaushusha. Tukazitoa."

"Mkaziweka wapi?"

"Tulizitoa."

"Mwanangu, kitu kikitolewa kabatini kinawekwa kitandani au mezani. Mmeziweka wapi?"

"Tulizifuta, mama. Kwenye simu nilishafuta zamani ili nafasi ipatikane, nikijua ziko mtandaoni. Na pipa la taka la huko mtandaoni hujimwaga lenyewe. Nimeshamuuliza Mtaalamu. Yeye alibakiza sauti tu, na aliikata pale palipokwama. Alisema mashine isijifunze makosa."

Mama Foronya alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pini.

"Makosa," alisema.

Kitinda alilia kama mtoto, na mama hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Binti alikuwa akiiokoa nyumba, na anayeokoa nyumba inayoungua haulizwi alirusha nini dirishani. Siku chache baadaye akaja mbio, uso umechangamka.

"Mama, Mtaalamu anasema mashine inaweza kuwekewa kigugumizi! Sikiliza!"

"Ka-ka-karibuni Ma-makochi ya Fu-fu-fundi Nyu-nyundo!"

Fundi Nyundo hakuwahi kukwama kwenye "karibuni" maishani mwake. Huyu alikwama kila mahali, sawasawa, kama gari lipitalo kwenye matuta. Na ile nyundo haikuwepo.

"Kizime kitu hicho," alisema Mama Foronya. "Na usikirushe."

"Mama, nilishakirusha asubuhi."

Kikapendwa kuliko vyote. Watu walikicheka, wakakitumiana, wakakiigiza. Jioni watoto wa mtaani walipita karakanani wakipokezana, "Ka-ka-karibuni!" Kinyozi alitoka na kitana mkononi akawafukuza, kisha akasimama mlangoni kwa Mama Foronya. Alitafuta la kuchekesha, akalikosa, akarudi kazini.

Kitinda alikuwa nje akipokea simu za wateja, moja haijakatika nyingine imeingia. Mama Foronya alibaki peke yake kati ya makochi yasiyo na vitambaa. Akafumba macho, akajaribu kumwita mumewe kwa njia ya zamani, kichwani. Bwana alikuja. Alinyoosha kidole dirishani, akafungua mdomo, na lile neno likatoka bila kukwama, laini, la kifalme: mke wangu.

Akafumbua macho haraka. Akaichukua nyundo iliyolala juu ya benchi, akagonga ubao, ko, ko, ko, akanyamaza, akamwachia amalize mwenyewe.

Nje, watoto wakaitikia: "Ka-ka-karibuni!"