Kijani cha Bibi Kija

Bibi Kija alikuja Butimba kutolewa mtoto wa jicho, na macho yalipopona, mwanawe Yeremia akamwambia asirudi tena Kisesa, abaki kwao. Alikubali, ila kwa sharti moja: apewe chumba.

"Mbona nafasi ipo, mama," alisema Yeremia. "Utalala na wajukuu zako."

"Nimelala na watu tangu nizaliwe. Nililala na dada zangu, nikaolewa nikalala na baba yako, akafariki nikalala na watoto wa dada yako. Sasa nataka chumba changu, chenye mlango."

Gladness, mke wa Yeremia, alikuwa sebuleni akipiga pasi gauni la mteja. Aliinua pasi akaisimamisha. Tangu aolewe hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akiomba kitu kwa ajili ya nafsi yake. Huyu alikuwa mwanamke wa kuwagawia wengine nyama akabaki na mchuzi, tena akasema mchuzi ndio wenye ladha.

"Utapata, mama," Gladness alisema kabla mumewe hajajibu.

Nyuma ya jiko palikuwa na kichumba walichokifanya stoo, chenye dirisha moja lililotazama mawe makubwa na, kwa mbali, kipande cha ziwa. Wakatoa magunia, cherehani mbovu na baiskeli isiyo na matairi. Yeremia akaziba nyufa kwa saruji, akasugua kuta kwa msasa mpaka nyusi zikawa na vumbi, kisha akaleta ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki walipopaka sebule.

"Mimi nataka kijani," alisema Bibi Kija kutoka mlangoni. "Kijani chepesi, kisichonipigia kelele."

"Mama, chumba chenyewe hiki kidogo. Nyeupe itakifanya kionekane kikubwa."

"Kikubwa nakitakia nini? Miaka yote ile nilikuwa naona ukungu tu, mwanangu. Ng'ombe ni ukungu, watu ni ukungu, uji ni ukungu. Weupe nimeushiba."

Yeremia alimtazama mkewe kutafuta msaada. Gladness akageuza uso, maana kicheko kilikuwa kimeshamfika mdomoni.

Jumamosi wanawake hao wawili walikwenda Igogo, kwenye duka la rangi la Nurdin. Nurdin alimwamkia Bibi Kija, akamvutia kiti, akamwekea mbele kadi ya rangi za kijani tupu, zimepangwa kutoka nzito hadi zile ambazo ukipepesa macho zimepotea. Gladness alidhani mama atachanganyikiwa, amwachie yeye achague. Yeye ni mshonaji. Rangi ndiyo kazi yake. Lakini Bibi Kija hakukaa hata kwenye kile kiti. Aliichukua kadi, akatoka nayo juani, akaitazama, akarudi nayo kivulini, akaitazama tena, akitembeza kidole kutoka mraba mmoja hadi mwingine kama mtu anayechagua mbegu.

"Hili ni tango lililomenywa," alisema. "Hii ni kabeji, kwa ndani. Hili ni ziwa siku ambayo hakuna upepo. Hii je? Mbona hii inaumwa?"

Nurdin alicheka. "Hiyo wanaipenda sana watu wa maofisi, mama."

"Basi wapewe dawa."

Mwishoni kidole kilitua kwenye mraba mmoja wa katikati, kikakataa kuondoka. "Choroko changa," alisema Bibi Kija polepole. "Zikianza kutoa maganda. Ndiyo yenyewe."

Gladness aliinama akaangalia. Ilikuwa rangi nzuri, lakini moyo wake ulisita. "Mama, ukutani rangi huzidi. Ni kama kitambaa. Kipande kidogo mkononi unakiona kipole, ukishona gauni zima linapiga yowe."

"Nimeiona, mwanangu. Nimeiona kwa macho yangu."

Alisema vile kwa furaha ambayo Gladness hakuwa na nguvu ya kuipinga. Wakanunua choroko changa.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, Yeremia na mkewe walipaka kuta zote nne, na Jumatatu asubuhi rangi ilipokauka wakamwita mwenye chumba. Bibi Kija aliingia, akasimama katikati. Akaangalia ukuta wa dirisha. Akaangalia wa mlango. Kijani kilikuwa kimewazunguka pande zote, kikali, kikirudishwa kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka nyuso zao zenyewe zilikuwa zimegeuka kijani.

Gladness alijua kitakachofuata: mama atashukuru, ataingiza kitanda, atakaa humo miaka mingine yote na rangi asiyoipenda, kama alivyovumilia mambo mengine yote. Gladness mwenyewe angefanya hivyo. Sebuleni kwake yalikuwepo mapazia aliyoyachukia tangu siku aliyoyatundika, na hajamwambia mtu, kwa kuwa aliyachagua yeye.

Bibi Kija alifunika mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika.

"Chura!" alisema. "Wanangu, mmeniingiza tumboni mwa chura!" Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifuta machozi. "Hapana, si ninyi. Ni mimi. Gladness aliniambia, nikajifanya nimeona. Macho mapya nayo yana kiburi chake."

"Utaizoea, mama," Yeremia alisema kwa sauti ya mtu anayeuombea mgongo wake mapumziko.

"Nizoee kwa nini? Shamba likiota vibaya hupandwa upya. Gladness, ile nyeupe bado ipo?"

Gladness alimtazama mwanamke huyo aliyeketi juu ya ndoo, miguu yenye nyufa za miaka ya jembe, akijicheka bila aibu hata chembe, na akajisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyodhani anaijua. Hakujua kwamba inawezekana kukosea namna ile. Akakimbilia ile ndoo nyeupe.

Walichanganya uani. Gladness alimimina nyeupe ndani ya kijani kilichobaki kikombe kwa kikombe, akikoroga kwa mti, akipaka kwenye kipande cha boksi na kukishikilia dirishani. Bibi Kija alihukumu.

"Bado chura."

Kikombe cha nyeupe kikaongezwa.

"Sasa ni mtoto wa chura. Ongeza."

Gladness aliongeza, safari hii kidogo, akafuata jicho lake la ushonaji. Akainua boksi. Bibi Kija akasogea karibu, akarudi nyuma.

"Simama hapohapo," alinong'ona. "Usiongeze hata tone."

Hakukubali kuwatazama tu wakipaka. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua brashi ndogo, akapaka ukingo wa dirisha taratibu, mstari umenyooka, bila kuchafua fremu. Kila baada ya hatua alirudi nyuma kuona alichokifanya, na kila mara alionekana kushangaa kwamba anakiona. Gladness, akiwa na rola mkononi, alisahau ukuta wake mara kadhaa kwa kumtazama.

Siku rangi ilipokuwa imekauka na kitanda kimeingizwa, jua la alasiri liliteleza kutoka upande wa ziwa likajaa chumbani. Kuta zilikuwa tulivu, kijani cha mbali kidogo. Gladness alileta chai, akaukuta mlango umefungwa. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa, kwa mazoea ya mwenye nyumba. Akauondoa.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Mimi, mama. Gladness."

Alisikia kitanda kikilia, nyayo zikisogea, kisha kitasa kikizungushwa kutoka ndani, bila haraka. Bibi Kija alifungua mlango wote.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu kwangu."