Aliyemwombea Graciela

Jumapili saa tisa alasiri, kabla hata sufuria za chakula cha mchana hazijaoshwa, nyumba ya Jerusa ilikuwa imejaa. Televisheni ilikuwa hiyo moja tu katika kijiji kizima, huku nyuma ya Sosiot. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Na mbele yake wanawake walizozana utadhani Graciela, yatima wa kwenye sinema, ni binti waliyemzaa wenyewe.

"Huyu msichana ni mjinga!" Jerusa alifoka. "Baba yake mdogo anakula shamba yote na yeye analia tu. Angekuwa wangu ningemchapa."

"Mjinga ni mpishi," Bosibori akamkata. "Tomasa aliona huyo mzee akichoma karatasi za marehemu. Aliona na macho yake mawili! Sasa ako kotini ananyamaza nini?"

Cherotich, binti wa Jerusa, ndiye aliyewatafsiria Kiingereza cha sinema, lakini kila akifungua kinywa walimzidi kwa kelele. Nusu ya maneno walikuwa wakijitungia wenyewe, na hapakuwa na aliyejali.

Phelis alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, moyo ukimchemka. Jameni, watu hawa! Siku nne nzima amewabembeleza wafungue midomo, wakaifunga kabisa. Leo wanaifungua kwa ajili ya mtu ambaye hata chumvi hawajawahi kumwomba.

Maana Jumatano asubuhi Kipsang, mdogo wa marehemu mume wake, aling'oa mikonge ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba la Phelis. Mistari minne ya chai ikaenda upande wa pili, mistari ambayo Phelis na mumewe waliichimbia mashimo kwa mikono yao. Yeye siku hiyo alikuwa Kericho, amempeleka mwanawe Weldon hospitali. Aliporudi alikuta udongo mbichi na Kipsang akiapa kwamba mpaka ulikuwa hapo tangu babu. Jumanne kokwet ingeketi, lile baraza la wazee wa mtaa linaloongozwa na Johana, na wazee walishamwambia: bila shahidi, mama, hatuna la kusema.

Na mashahidi walikuwepo! Jerusa na Bosibori walipita pale na vikapu vyao mgongoni. Phelis alikuwa amewaendea mmoja mmoja.

"Mimi nilikuwa naangalia chini," Jerusa alimwambia. "Barabara ilikuwa matope."

Bosibori angalau hakudanganya. "Nilimwona, Mama Weldon. Lakini sisi tulitoka Kisii, mume wangu Arasa alinunua tu hii ekari mbili. Nikisimama mbele ya wazee wa hapa wataniambia nirudi kwetu. Unajua vile miaka hii iko."

Phelis alijua. Kwa hivyo hakumkasirikia Bosibori sana, mpaka Jumapili hiyo alipomsikia akimtukana Tomasa.

"Sema, wewe mwanamke!" Bosibori aliipigia televisheni kelele. "Unaogopa nini?"

"Wewe unaogopa nini?" Phelis akalipuka. Alikuwa amesimama bila kujua. "Nyinyi nyote mnaogopa nini? Huyo Tomasa mnataka aseme ukweli mbele ya jaji, na nyinyi Johana na wazee wake tu wamewashinda? Chai yangu inaliwa hapa, mita mia mbili!"

Jerusa akasema taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa, "Lakini Phelis, hii ni sinema. Hiyo yako ni mambo ya familia. Kaa basi, unatuzibia."

Unatuzibia! Phelis aliona ni heri aende zake kabla hajavunja kitu. Alikuwa amefika uani aliposikia fimbo ikigonga mawe nyuma yake. Alikuwa Gogo Tapsubei, nyanya wa miaka themanini na zaidi.

"Mimi pia nilimwona Kipsang," alisema. "Nilikuwa nafungulia ng'ombe. Nitakuja Jumanne."

Phelis alimshukuru, kisha akaketi juu ya jiwe akashika kichwa. Kati ya watu wote, Gogo! Mwezi uliopita, kanisani, mchungaji alipouliza nani ana mzigo, Gogo alisimama akaomba waumini wamwombee mtoto mmoja yatima, Graciela, anayeonewa na baba yake mdogo. Mchungaji hakuwa na televisheni. Aliomba kwa nguvu, machozi yakamtoka, akaahidi hata kumtembelea. Hadi leo watoto wakimwona Gogo humwuliza Graciela anaendeleaje.

Jumanne wazee waliketi kwenye banda la kupimia majani chai, Johana katikati. Wanawake walisimama pembeni. Gogo akaeleza yote bila kukosea: ng'ombe, jembe, mikonge, saa.

Kipsang hakungoja amalize. "Wazee, huyu si ndiye aliombea mtu wa televisheni? Kesho atawaambia Graciela pia alikuwa hapo na jembe."

Wanaume wakacheka. Hata Johana alificha mdomo kwa kofia. Phelis akajiambia: Basi, imekwisha.

Gogo aliwangoja wanyamaze. "Nilimwona mtoto anaonewa na hakuna mtu anamtetea," alisema. "Nikamwombea. Kama hayuko, Mungu atajua pa kupeleka maombi yangu. Lakini Phelis yuko. Huyu hapa. Mnacheka nini?"

Kicheko kikafa. Johana alikohoa. "Kuna jicho lingine?"

Phelis hakugeuka kuwatazama wanawake. Alikuwa amewatazama wiki nzima, amechoka. Ndipo akasikia miguu ikikwaruza vumbi nyuma yake.

"Niko mimi," Bosibori alisema. "Nilimwona Kipsang aking'oa mikonge. Ilikuwa saa moja."

"Na wewe umetoka wapi kutuambia mipaka yetu?" Kipsang aliruka.

Bosibori alikuwa ameishika leso yake kwa mikono miwili. "Kisii," alisema. "Kila mtu anajua. Lakini siku hiyo nilikuwa hapa."

Hakuna aliyecheka. Johana alimtazama Kipsang kwa muda mrefu, na Kipsang akaanza kusoma viatu vyake. Mzee akaagiza vijana wawili wachukue majembe, na kabla ya saa sita mchana mikonge iwe imerudi ilikokuwa. Phelis alifunika uso kwa mikono akalia waziwazi, hasira na furaha zikitoka pamoja.

"Hata mimi, wazee!" Alikuwa Jerusa, akipenya kwenda mbele huku kidole kimeinuliwa juu. "Hata mimi nilimwona vizuri sana! Niwaelezee?"

Vizuri sana! Na yale matope? Phelis alitaka kumgeukia amwambie arudi alikotoka na maneno yake yaliyochelewa. Lakini Kipsang alikuwa bado hajakubali kwa kinywa chake, na mashahidi watatu ni bora kuliko wawili. Akapangusa macho, akameza matusi yote, akasogea kando ili Jerusa apate nafasi ya kusimama.