Gari Linalolala Mchana

Mjomba aliingia na boksi kubwa kifuani, akausukuma mlango kwa kisigino, akalitua juu ya meza ya kulia, palepale nilipokuwa nimetandaza karatasi zangu.

"Chaja hiyo," akasema akijifuta jasho. "Mnyama. Kilowati saba moja kwa moja, haina maswali. Jumanne naifunga, Jumatano dada anawapigia hospitali, mambo yamekwisha."

Dada ni mama yangu, mkunga. Kwa miaka ishirini na miwili amepokea watoto wa watu kwenye zahanati iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, na sasa hospitali kubwa iliyo kilomita arobaini na tano kutoka kwetu ilikuwa imemwomba akaongoze zamu ya usiku ya wodi ya wazazi. Kazi aliyoitamani tangu mimi sijazaliwa. Walitaka jibu Jumatano, kabla ya saa sita mchana.

Kilichomfunga mdomo ni gari. Tuna kigari cha umeme, tulikinunua kikiwa kimeshatumika, na kwenda na kurudi kinafika bila shida. Shida ni kukijaza tena kila siku kabla ya jioni. Mita yetu mpya inahesabu umeme kwa saa: kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni rahisi, mchana ni ghali, jioni usiguse. Mama alishasema waziwazi kwamba kama atalazimika kujaza kwa bei ya mchana, nyongeza yote ya mshahara itaishia kampuni ya umeme, na hapo ni afadhali abaki zahanati.

Na juu ya bati tulikuwa na paneli za sola, zimekaa mwaka wa pili. Kila mchana zinatoa umeme mwingi kuliko tunaoutumia, na wa ziada unakwenda kwa kampuni, ambayo inaupokea kama mgeni anayekula na kuondoka bila kusema asante.

Nililitazama lile boksi. Niliijua hiyo chaja, kwa sababu nafanya kazi kaunta ya duka la vifaa vya umeme tangu nilipomaliza chuo mwaka jana. Ni chaja imara. Ila haijui kula kidogo. Paneli zetu jua likiwa kali zinatoa kilowati nne. Yenyewe inataka saba, basi. Tatu zilizobaki ingezichukua kwa kampuni, kwa bei ya mchana.

"Tena ina saa ndani yake," mjomba akaendelea. "Unaiwekea saa sita usiku, bei ya chini kabisa, gari linajaa watu wamelala. Asubuhi unatia ufunguo unakwenda zako."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga tena.

"Mjukuu wangu anataka kusema neno," akasema bibi kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, ungo wa mchele mapajani. Bibi ndiye aliyewazaa mama na mjomba, na hakuna linalompita. "Nimeliona koo limepanda, limeshuka. Sema mama, hatukuli."

"Hapana, bibi. Niko sawa."

"Uko sawa! Hata kufuli liko sawa."

Mjomba akacheka. Yeye huniita Bi Mnong'ono. Ni fundi umeme wa miaka thelathini, na ndiye aliyenifundisha kumenya waya nikiwa na miaka tisa, tumekaa kwenye ngazi ya nyuma, bila kuniambia hata mara moja kwamba hiyo si kazi ya wasichana. Ndiyo maana maneno yalinikwama. Ningeanzaje kumwambia mtu huyo, mbele ya mama yake mzazi, kwamba amebeba boksi bure?

Kule dukani mteja akiniuliza jambo gumu huwa namwandikia. Kwa hiyo nilichukua karatasi yangu moja na kuisukuma taratibu mpaka ikagusa kikombe cha mjomba. Nilikuwa nimechora visanduku ishirini na vinne, kimoja kwa kila saa. Vya njano, jua lipo. Vya kijani, umeme rahisi. Na chini yake mstari mnene wa kalamu ya risasi: saa ambazo gari lipo nyumbani.

Mjomba akavaa miwani. Akaitazama karatasi, akaigeuza, akairudisha.

"Mbona mstari wa gari uko kwenye njano? Gari si linakuja kulala usiku?"

"Usiku mama atakuwa kazini," nikasema. "Na gari nalo. Litarudi saa mbili na nusu asubuhi, litaondoka saa kumi na moja jioni. Linalala mchana, mjomba. Kama mama."

Mjomba akaishika tena karatasi. Bibi ndiye aliyemwahi.

"Fundi mzima! Unamwekea mtu chakula saa ambayo hayupo nyumbani!"

"Mama, nawe!" Mjomba alivua miwani. Hakukasirika, lakini masikio yalimwiva. "Haya, Bi Mnong'ono. Wewe ungefunga ipi?"

Nilikuwa na picha yake tayari. Ni chaja ndogo nyeupe, umbo la mkate. Inakuja na kibanio kinachoshika waya mkuu ndani ya boksi la mita na kuhisi kama umeme unaingia nyumbani au unatoka. Ukitoka, maana yake jua limebakisha, na chaja inalipatia gari hicho kilichobaki tu. Inaanza na kilowati moja na nusu, inapanda na jua, hata hadi saba, inashuka na wingu.

"Kilowati moja na nusu!" mjomba akasema. "Hiyo ni birika la chai, si chaja."

"Kuanzia asubuhi hadi jioni zinatosha," nikamjibu kikombe chake, maana yeye mwenyewe sikuweza kumtazama. "Nimepima wiki nzima."

Aliitazama picha tena. Kisha akalishusha boksi lake chini ya meza. "Nitakufungia kwa mkono wangu. Lakini linabaki hapa. Jumatano kabla ya saa sita hako kamkate kakigoma, nakatoa, naweka mnyama. Tumeelewana?"

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na sare mkononi, alisema kwa upole, "Mimi nataka tu kujua niwajibu nini."

Jumanne nilileta ile chaja ndogo kutoka dukani, naye akaifunga, na aliifunga vizuri: waya umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, kila skrubu imekaa. Alipomaliza kuliziba boksi la mita jua lilikuwa limeshashuka, kwa hiyo jaribio likangoja kesho.

Asubuhi ya Jumatano kulikuwa na mawingu mazito. Mama alirudi kutoka zahanati alikokesha, viatu mkononi, akakataa kwenda kulala. Bibi alikuwa amebandika maharage kwenye jiko la umeme, birika linachemka, huku akipiga pasi nguo za wiki nzima. Gari lilikuwa na asilimia thelathini. Mjomba akachomeka waya.

Chaja ikalia ka! Taa ya kijani.

"Ehee!" mjomba akapiga kofi. "Kamkate kamekubali! Na tazama, mbili... nne... saba! Inakula kama mnyama!"

Mama akanikumbatia kwa nguvu. Nilitamani kubaki palepale kwenye bega lake. Lakini nilikuwa nimeiona inveta, ile mashine ya ukutani inayogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani. Ilionyesha nusu kilowati. Paneli zinatoa nusu, gari linakula saba.

"Mama," nikasema, "hilo si jua."

Mikono yake ikalegea. Mjomba akasoma mita, akachomoa waya.

Tukasubiri. Saa nne mawingu yakapasuka, jua likamwagika uani hadi ukuta ukang'aa. Inveta ikapanda mpaka nne kasoro. Maharage yalishaiva, pasi imepoa, nyumba nzima haitumii chochote. Mjomba akachomeka tena.

Taa ikawa ya bluu. Kwenye kioo kidogo cha chaja yakatokea maneno mawili: INASUBIRI JUA.

"Jua gani tena?" mjomba akauliza, mkono umekinga macho. "Linipige lipi zaidi ya hili?"

"Pengine kanataka kaombwe," bibi akasema.

Saa tano ikafika. Saa tano na nusu. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, simu mapajani, akisoma namba ya hospitali kana kwamba hajaikariri. Hakulalamika. Alisema tu, "Zahanati napo si pabaya," na sauti yake ilikuwa laini mno, na hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mjomba akainuka, akaingia ndani, akalitoa lile boksi chini ya meza, akarudi nalo uani. Akachukua bisibisi.

Nilisimama katikati ya ua nikijiuliza. Jua halipo, inakula. Jua lipo, inalala. Chaja haijafa. Inafanya kazi yake yote barabara, ila kinyume. Basi kuna mahali inaambiwa kinyume.

Kibanio.

Kina kishale kimoja mgongoni, kimechongwa kwenye plastiki. Karatasi ya maelezo inasema kishale kielekee nyumbani. Kikigeuzwa, umeme unaoingia kitauona unatoka, na unaotoka kitauona unaingia. Na boksi la mita lilikuwa limezibwa na mtu mmoja tu.

Wazo la kwanza, naliungama, lilikuwa kunyamaza. Ningemwomba mjomba akanywe chai, nikazima swichi kuu, nikafungua, nikageuza, nikafunga. Ningesema chaja ilikuwa inajizoesha. Asingeaibika. Lakini mjomba ana wateja wengine wenye paneli, naye angekwenda kufunga vilevile kwao, na hakuna mpwa wa kuwageuzia kwa siri. Na bisibisi ilikuwa tayari imeshaingia kwenye skrubu ya kwanza ya chaja.

"Mjomba! Usifungue hiyo!"

Bibi aliangusha ungo. "Nani huyo amesema?"

"Mimi," nikasema. "Chaja ni nzima. Kibanio kimegeuka. Kishale kinaangalia barabarani, kinatakiwa kiangalie nyumbani."

Mjomba alibaki ameinama. Kisha akaiweka bisibisi chini taratibu, akaenda kuzima swichi kuu, akafungua boksi la mita. Nikamfuata. Tukaingiza vichwa vyote viwili. Kishale kilikuwa kinatazama barabarani, kimetulia, hakina habari.

"Nilifikiri kinapima jua," akasema polepole. "Jua linatoka kwetu linakwenda nje. Nikasema basi kishale kifuate." Akajipiga paji la uso. "Miaka thelathini! Miaka thelathini nimeufuata umeme unakoingia, leo nikajifanya mjanja!" Na akaanza kucheka, kicheko chake kile kinachoanzia tumboni, mpaka akashika ukuta. "Geuza wewe. Mimi mkono wangu umefungiwa leo."

Nikakibana upya. Mjomba akawasha.

Dakika moja nzima ikapita. Halafu, ka! Taa ya kijani. Moja na nusu. Mbili. Tatu. Tatu na nusu. Nikakimbilia mita: umeme unaoingia, sifuri. Unaotoka, karibu na sifuri. Jua lote la nyumba yetu lilikuwa linaingia kwenye gari. Kijiwingu kikapita, namba ikashuka hadi mbili. Kikaondoka, ikapanda tena.

"Inapumua!" bibi akapiga kelele. "Jamani, ina mapafu!"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mama alibonyeza namba, akajitazama kwenye kioo cha gari kana kwamba wanamwona, na akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyaweka mdomoni miaka mingi: "Habari za kazi. Ni mimi, mkunga. Nakubali." Kisha akakata simu, akakaa chini kwenye sakafu ya uani na sare yake ya kazi, akalia na kucheka kwa pamoja.

Mjomba naye alikuwa ameshatoa simu yake. "Haloo, bosi. Ile nyumba yako yenye sola, usinunue kitu kwanza. Nakuja Ijumaa na mpwa wangu. Hapana, mimi nabeba ngazi tu. Anayejua ni huyu." Akaniwekea simu sikioni kabla sijakimbia. "Mweleze."

Nikaishika simu. Nikamweleza. Nilianzia kwenye swali ambalo sasa naliuliza kila mtu kabla ya kumwonyesha boksi lolote: gari lako linalala saa ngapi?

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, mama alikaa nyuma ya usukani akiwa na sare iliyopigwa pasi na bibi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate. Betri ilisoma asilimia tisini na mbili. Lile boksi kubwa lilisharudi dukani, begani kwa mjomba mwenyewe, huku akilipigia mluzi.

Mama akashusha kioo. "Nani amelilisha gari langu hivi?"

"Jua," nikasema.

"Sikusikii!"

"Jua!"

"Bado, mwanangu, mimi mzee!"

"JUA!" nikapiga kelele, mpaka jirani akafungua dirisha, na mama akapiga honi mara mbili na kuingia barabarani, akaenda kazini kwake.