Mipingo ya Shamba la Marehemu

Nitegulieni hiki: babu kavaa kanzu ya rangi ya uji, moyo wake mweusi kama tako la chungu. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni mpingo.

Kunigunda wa Chiwanda aliuona moyo wa namna hiyo kwa shemeji yake Urbani, mdogo wa marehemu mumewe. Alikwenda Kigonsera kumuuguza dada yake. Aliporudi, shamba lake la mihogo lilikuwa limejaa miche ya mpingo. Na kwao, apandaye mti wa kudumu ndiye mwenye ardhi. Marehemu hakuwaachia kingine, yeye na binti yao Ephrasia.

“Nani kapanda?”

Ephrasia akainamia sufuria. “Baba mdogo alikuja na jembe.”

“Nimeuliza nani kapanda.”

Ugali ukasongwa zaidi ya ulivyohitaji.

Akamfuata Urbani. “Shemeji, mwenye miti ni nani?”

“Karibu chai kwanza.”

“Sikuja kunywa chai.”

“Basi ngoja Jumapili, ukoo ukikaa.” Akacheka.

Miche ilitoka kwa bwana miti, ofisa wa misitu. Tangu biashara ya magogo iachiwe huru, malori yalikuwa yamekomba mipingo ya porini, naye akagawa miche bure: atakayeitunza, yeye au wajukuu wake watamuuzia mnunuzi wamtakaye. Wajukuu, Kunigunda akawaza. Urbani hana hata mtoto. Anampandia nani kama si kujipatia shamba?

Jioni akaja shambani Pankras, kaka mkubwa wa marehemu. “Ing'oe, shemeji, kabla haijashika. Jembe nitakuletea mimi.”

Kunigunda alikwisha kuukamata mche mmoja. Akauachia. Pankras huyu, anayekukopesha chumvi kwa kuhesabu punje, leo analeta jembe bila kuombwa?

Jumapili baada ya misa ukoo ukakaa. Pankras akakohoa. “Shamba la ndugu yetu lirudi kwetu. Binti ataolewa, atakwenda nalo.”

Kunigunda akasimama. “Kwanza Urbani anijibu mbele yenu. Mwenye miti ni nani?”

Urbani akafuta ugoro puani, taratibu.

“Mimi nilichimba mashimo tu. Aliyeshika kila mche akaufukia ni Ephrasia, bwana miti na katekista wakiangalia. Wewe tulikuficha, shemeji, maana kwa ulimi wako Pankras angepata habari kabla udongo haujakauka. Mwenye miti ni binti yako.”